Njia ya Mbele ya Nyumba Si Kiwanja Chako



Kule kazini hakuna dereva anayesimamisha gari ovyo. Anajua mahali pa kuliweka. Anavuta breki ya mkono, anaacha gia ndani, anatia kabari chini ya gurudumu. Tena analigeuza uso liangalie njia ya kutokea, ili siku ya hatari aondoke bila kurudi nyuma. Asiyefanya hivyo anaitwa na shefu wake wa timu siku ile ile. Hatulalamiki, kwani tunajua kwamba sheria za namna hiyo ziliandikwa baada ya watu kufa.

Lakini jioni dereva huyo huyo anarudi mtaani, na sheria zote anaziacha kwenye mlango wa kazi. Kamio linalala katikati ya avenyu, gurudumu moja juu ya mfereji, mkia mbele ya mlango wa jirani. Wenye pikipiki wanapanga pikipiki zao mahali penye kivuli, hata kama kivuli hicho ndicho njia ya watu wa nyuma. Ukiuliza, unajibiwa: «Hapa ni kwetu.»

Neno letu la leo ni moja. Njia iliyo mbele ya nyumba yako si yako, wala si ya jirani yako. Ni ya mgonjwa atakayepitishwa humo usiku, na hakuna anayejua mgonjwa huyo atakuwa nani. Kwa hiyo namna ya kuegesha gari mtaani ni jambo la afya, sawa na kunawa mikono na kuchemsha maji.

MJI WETU NI MWEMBAMBA

Tazama mji wa Uvira ulivyokaa. Upande wa magharibi ni milima ya Mitumba, upande wa mashariki ni ziwa Tanganyika. Katikati ndipo tunapoishi sisi sote, kutoka Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi hadi Kalundu kwenye bandari. Barabara kubwa ni moja tu, ile ya taifa namba 5, na juu yake vinapita vyote: kamio zitokazo Bukavu, taksi, pikipiki, mikokoteni, wanafunzi, na mama wenye mabeseni ya samaki kichwani. Njia nyingine ni avenyu za mtaani, na nyingi ni nyembamba.

Kisha maji yametupunguzia nafasi. Mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda likafunika nyumba na njia za kando yake. Watu waliokuwa chini walihamia kwa ndugu na jamaa juu kidogo, pamoja na vitu vyao, pikipiki zao na magari yao. Mahali palipokuwa na nyumba tano na gari moja, pakaja nyumba nane na magari matatu. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Lakini mahali penye watu wengi hapawezi kuishika desturi ya mahali penye watu wachache. Avenyu iliyovumilia kamio moja zamani haiwezi kuvumilia matatu leo.

USIKU WA UGONJWA

Sisi wa dispanseri tunahesabu muda kwa namna nyingine. Kwenu nusu saa ni muda wa kunywa chai. Kwetu nusu saa inaweza kuwa mtu.

Chukua kipindupindu. Ugonjwa huu umekuwa ukirudi kwenye pwani yetu tangu mwisho wa miaka ya 1970, na hakuna familia ya Uvira isiyoujua. Kipindupindu kikali kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu katika saa chache tu, kwa sababu maji yote ya mwili yanatoka. Lakini mgonjwa akifika mapema, akanyweshwa au akatiwa maji kwenye mshipa, karibu wote wanapona. Wanaokufa hawafiki mmoja kwa mia. Tofauti kati ya hao wawili, mara nyingi, ni muda wa njiani.

Chukua na mama aliyezaa nyumbani, damu ikakataa kukatika. Damu ya namna hiyo inaweza kummaliza katika muda wa saa mbili. Saa hizo mbili ndizo za kumwamsha mume, kutafuta tipoyi au pikipiki, kufika barabara kubwa, kupata gari, na kufika kwa daktari. Sasa weka kamio katikati ya hiyo safari. Ambulansi inafika kwenye kona ya avenyu na haiingii. Wenye tipoyi wanajaribu kupita ubavuni, mmoja anatumbukia mferejini, mgonjwa anaanguka. Mtu anakwenda kugonga mlango wa dereva, dereva amelala kwa ndugu yake mtaa mwingine, na funguo anazo yeye.

Kipimo chake si kigumu. Ambulansi ya kwetu, pamoja na vioo vyake, inataka karibu mita 2 za upana. Wanaobeba tipoyi wanataka nafasi ya kutembea wakiwa wawili wawili. Basi ukishaegesha, teremka upime kwa miguu: kutoka ubavu wa gari lako hadi upande wa pili wa njia, ziwepo hatua nne kubwa, yaani kama mita 3. Zikiwa nne, nenda kalale. Zikiwa pungufu, gari lako limelala mahali pa mtu mwingine.

MFEREJI NAO NI NJIA

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha milimani na mto Mulongwe ukaingia mjini. Watu wengi walikufa, maelfu ya nyumba yalibomoka, na vifaa vya maji vya REGIDESO viliharibika, hata mji ukabaki bila maji safi. Gharika ile haikuletwa na gari la mtu. Ilitoka juu kwa nguvu ambayo hakuna mfereji wa mtaani ungeweza kuizuia.

Lakini ilitufundisha kwamba katika mji huu maji ya mvua lazima yapate njia ya kuteremka ziwani. Yasipopewa njia, yanajitafutia, na yanaitafuta ndani ya nyumba za watu. Gurudumu la kamio lililokaa juu ya mfereji linavunja kingo zake, linakusanya taka nyuma yake, na mvua ya kawaida tu inageuka kuwa bwawa kwenye mlango wa jirani. Maji hayo hayaji peke yake. Yanakuja na vya chooni. Wiki moja baadaye mtoto wa nyumba ile anaharisha, na hakuna anayekumbuka gurudumu.

Siku ya salongo watu wa avenyu wanatoka na jembe na beleshi kuzibua mifereji. Wewe mwenye gari, liondoe alfajiri kabla hawajafika, kisha urudi na beleshi lako. Kuwaacha majirani wazibue mfereji mpaka kwenye gurudumu lako halafu wakuruke, hiyo ni aibu isiyofutika kwa kuwalipia soda.

WATOTO, MTEREMKO NA MOSHI

Mtoto hapendi jua kama wewe usivyolipenda. Akiona kivuli chini ya kamio, anaingia. Anacheza, anasinzia. Dereva akipanda na kuwasha, kioo chake hakimwonyeshi aliye chini wala aliye karibu sana mbele ya uso wa gari. Kule kazini tunazunguka gari lote kabla ya kupanda. Mtaani zunguka mara mbili. Ukilirudisha nyuma, konvoyeri ateremke asimame nyuma mahali unapomwona, na akipotea machoni pako, simama.

Anayekaa juu, kwenye mteremko, akumbuke pia kwamba breki ya mkono haitoshi. Mvua ikilainisha udongo, gari lenye mzigo linaanza safari bila dereva, na chini yake kuna nyumba ambamo watu wamelala. Acha gia ndani, geuza magurudumu ya mbele yaelekee ukingo wa njia, tia kabari ya mti. Jiwe la duara si kabari. Linabingirika pamoja na gari. Asubuhi ukiondoka, ondoka na kabari yako. Ukiiacha katikati ya njia, mwenye pikipiki ataiona akiwa tayari ameanguka.

Na moshi. Kuna desturi ya kuwasha kamio saa kumi za usiku na kuliacha lingurume nusu saa «lipate moto», mdomo wa bomba ukiangalia dirisha la jirani. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa la Afya Duniani, lililo Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa mazutu katika vitu ambavyo imethibitika kwamba vinaleta kansa kwa mwanadamu. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwa wachimbaji wenzetu: wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa mashimo ya Marekani, ambao afya yao ilifuatwa kwa miaka mingi. Waliovuta moshi huo kwa wingi walipatwa zaidi na kansa ya mapafu. Hilo ni jambo la miaka, si la asubuhi moja. Lakini mwenye pumu, mtoto mchanga na mzee wa kifua hawangoji miaka. Wanakohoa asubuhi hiyo hiyo. Injini nzima inapata moto kwa kwenda polepole mwendo wa mwanzo. Geuza bomba upande wa njia, washa, ondoka.

ESANSI NA MAZUTU HAVILALI MTAANI

Wote tunaijua Sange, katika uwanda wa Ruzizi. Ijumaa jioni, tarehe 2 Julai 2010, gari lililobeba mafuta lilipinduka pale barabarani. Mafuta yalimwagika, watu wakaja na vyombo kuyachota, na wengine walikuwa ndani karibu hapo wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, ulipita juu ya nyumba kama upepo. Walikufa watu zaidi ya 220, na kati yao watoto wengi.

Gari la Sange halikuwa limeegeshwa, lilianguka. Lakini moto haukuuliza limefikaje pale. Uliona mafuta, ukaona nyumba za watu. Basi wewe unayelaza pikapu yenye fûti za esansi chini ya dirisha lako, mbele ya mama anayewasha babula ya makaa kila jioni, unaiweka Sange ndogo katika avenyu yako. Mvuke wa esansi unatambaa chini, hauonekani, na cheche moja inatosha.

Gari lenye mafuta lilale kwenye uwanja wa kazi, mbali na nyumba, kukiwa na mlinzi na mchanga wa kuzimia. Baruti na fataki sina haja ya kuzitaja: hata dakika moja zisisimame mtaani, kwa sababu yoyote. Na likipinduka gari la mafuta mahali popote, kimbia upande wa kule upepo unakotoka, na uwakimbize watoto. Bidoni moja ya esansi ya bure haijawahi kumtajirisha mtu.

ADABU YA KUSEMA

Wakubwa wetu hawakuwa na magari, lakini walituachia dawa ya jambo hili, nayo ni hodi. Mtu hakuingia uani kwa mwenzake bila hodi. Gari nalo lipigiwe hodi. Ukilazimika kulilaza karibu na mlango wa jirani usiku mmoja, nenda useme: «Mama, jambo. Leo nimechelewa, gari litalala hapa mpaka saa kumi na moja. Mimi nimelala nyumba ile, funguo ninazo mwenyewe. Ikitokea shida, mniamshe bila kuogopa.» Maneno hayo hayagharimu kitu. Mama yule atalala vizuri, na gari lako limepata mlinzi.

Na wewe usiye na gari, adabu inakuhusu pia. Usimtobolee mtu magurudumu. Usimwage misumari, itamchoma mtoto kabla ya kumchoma dereva. Usiseme naye usiku watu wakiwa wamekunywa. Ngoja asubuhi, mwendee, umwite kwa heshima yake: «Baba jirani, jana tulishindwa kumpitisha mzee.» Akikataa mara mbili, mwendee shefu wa avenyu, mkae watatu. Tena jiangalie: lundo la mchanga wa kujengea ulilomwaga njiani tangu mwezi uliopita, na meza ya biashara iliyosogea kila wiki kidogo, vinamzuia mgonjwa sawasawa na kamio.

Kwa anayetaka sheria, ipo. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani unakataza kusimamisha gari mahali linapoleta hatari au kuwazuia wengine, mbele ya milango ya magari ya viwanja vya watu, na mahali linapolifungia gari jingine lisitoke. Nchi yetu nayo ilitoa sheria yake ya barabara tarehe 30 Agosti 1978. Lakini polisi hawezi kusimama katika kila avenyu usiku. Jirani yupo kila usiku.

WAPO WATAKAOSEMA

Wapo watakaosema: «Nikiliacha mbali, wezi watachukua betri.» Neno hilo ni la kweli, wala hatulidharau. Gari likiibiwa kitu, dereva ndiye anayeulizwa. Lakini dawa ya mwizi si kuwafungia majirani njia. Madereva wanne au watano wa mtaa mmoja wakodi kiwanja kimoja chenye ukuta, wachange mshahara wa mlinzi wa usiku. Kila mmoja atalipa kidogo kuliko bei ya betri moja. Na wakuu wetu wa kazi, wanapomruhusu dereva kwenda na gari nyumbani, wamwulize kwanza: «Litalala wapi?» Swali hilo moja lingetuondolea ugomvi mwingi.

Wengine watasema: «Katika avenyu yetu hakuna mwingine mwenye gari, nitamzuia nani?» Ndugu, ambulansi haina mwenyewe katika avenyu yako, lakini itakuja. Na siku itakayokuja kwa mtoto wako, utakuwa wewe wa kwanza kulia kwamba njia imefungwa.

TUFANYE HIVI

1. Pima hatua nne za njia wazi kabla ya kufunga mlango wa gari.
2. Usiegeshe juu ya mfereji, kwenye kona, kwenye daraja dogo, karibu na bomba la maji, wala mbele ya mlango wa mtu.
3. Geuza uso wa gari uangalie njia ya kutokea.
4. Breki, gia, kabari ya mti. Asubuhi, kabari irudi garini.
5. Zunguka gari lote, tazama chini, ndipo uwashe.
6. Funguo zilale pale dereva anapolala, na majirani wawili wajue ni wapi.
7. Mafuta na baruti visilale mtaani.
8. Piga hodi.

Na kila avenyu ikae na shefu wake siku moja ya salongo, ikubaliane njia ipi ibaki wazi usiku na mchana kwa ajili ya wagonjwa. Pakishakubaliwa, pasikae gari, wala meza, wala mchanga, hata kama mwenyewe ni mkubwa wa kazi.

Leo jioni, ukifika nyumbani, usizime injini upesi. Tazama kwanza nyuma na mbele, ujiulize: tipoyi itapita? Ikipita, zima, shuka, usalimie majirani, ukale chakula chako kwa amani.

Njia wazi ni dawa ya kwanza. Tumwachie mgonjwa dawa yake.